Mgongo Msiouona

Nyinyi mlisimama chini, kando ya mto, na miavuli yenu,
mkaona meno.
Mkasema lo! mkawavuta watoto nyuma,
mkapiga picha yale makucha yaliyoling'ang'ania jabali
kama mwenye duka na daftari la madeni.
Mimi nilikuwa juu, kwenye kibanda cha kreni,
chai imeshapoa chupani,
na joka zima likining'inia kwenye kulabu yangu,
tani kumi na moja za Heledd Prydderch,
likigeuka polepole juu ya mapaa ya mji
kama lililosahau kitu nyumbani.

Basi niwaambie habari za mgongo.

Magamba yale ni vigae. Mawe ya bluu ya machimbo yetu,
yaliyofungwa baba yangu akiwa na miaka arobaini
na mapafu ya mzee wa tisini.
Heledd alivikusanya miaka sita, kwa toroli na maneno matamu:
paa la shule iliyouzwa, paa la kanisa lililobaki na waumini watatu,
banda la nguruwe la akina Gethin.
Kila kigae kina matundu mawili ya misumari ya zamani.
Hakuyaziba.
Upepo ukipenya mle, joka hupiga mluzi,
na siku ile niliyeusikia ni mimi tu.

Tena mabawa.
Aliyeyachora ni Tegid, yule mwembamba
aliyekaa umri wake wote juu ya duka la samaki
akichora mazimwi ya majalada ya vitabu,
na watu wakimwuliza lini atapata kazi.
Mwaka ule mkono ulishaanza kumtetemeka.
Penseli ikacheza, mstari ukapanda, ukashuka,
njia ya konokono mlevi.
Akataka kufuta. Heledd akamnyang'anya kifutio,
akaenda nao motoni mstari ule, jinsi ulivyo,
akaupinda kwa nyundo, kitetemo kwa kitetemo,
katika chuma cha reli:
mifupa ya ubawa, mita tisa,
na hakuna hata mmoja ulionyooka.
Nyinyi mlisema, tazama, kama linapumua!
Linapumua, ndiyo.
Ni mkono wa Tegid ule.

(Halmashauri ilitaka bomba la gesi
ili liteme moto kila Jumamosi, watalii wapate kufurahi.
Heledd alisema moto wake ulishatumika kulitengeneza.)

Na nyuma ya pembe, pasipofikiwa hata na mwenye ngazi,
nikaona malaika ya shaba,
laini, unywele mmoja mmoja,
kama ya kisogo cha mtoto mchanga.
Nikashika redio: Heledd, huku nani ataona?
Redio ikakwaruza.
"Kunguru," akasema. "Kwani wao hawana macho?
Shusha taratibu."

Nikashusha taratibu.
Nimewahi kubeba madaraja, kasha la benki, kengele iliyopasuka;
hakuna kilichonitazama nikikishusha.

Lilipotua, mzee Idwal alivuka kamba ya polisi,
akaweka kiganja ubavuni, akasema:
hiki nilikipasua mimi.
Vigae elfu nne, vyote rangi moja, vyote vimelowa.
Hakuna aliyembishia.
Hata yule polisi alivua kofia,
akajifanya anakung'uta maji.

Tegid hakuja. Alitazama kutoka dirishani,
mkono mmoja umeushika mwingine.

Siku hizi, upepo wa kaskazini ukivuma usiku,
nafungua dirisha.
Mke wangu husema, funga, baridi hiyo.
Namwambia ngoja kidogo,
bado tundu la kushoto.